Meseji ya "zimeni simu usiku huu" na mwanafunzi anayelichunguza Jua kwa simu yake

Naanza kwa kukiri kosa. Jioni moja kwenye kipindi cha salamu nilisoma hewani meseji iliyokuwa imeingia kwenye simu ya studio zaidi ya mara kumi siku hiyo. Wengi mnaifahamu. Inasema kuanzia saa sita na nusu usiku hadi saa tisa na nusu mionzi mikali kutoka sayari ya Mars itapita karibu na Dunia, zimeni simu zenu, msilale nazo karibu, NASA na BBC wametangaza, mtumie kila unayempenda. Niliisoma kama ilivyo, nikaongeza kwamba tahadhari haiui, nikaweka wimbo.

Asubuhi yake zilikuja simu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja ambaye binti yake alishikwa na uchungu saa nane usiku. Bodaboda wanayemtegemea pale kijijini alikuwa amezima simu, kwa sababu alisikia redioni. Ikabidi wafunge mkokoteni wa ng'ombe na kumpeleka zahanati hivyo hivyo gizani. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini maneno aliyoniambia yule mama sitayaandika hapa.

Simu ya pili ilikuwa ya msichana. "Shikamoo kaka," akaanza, kwa upole kabisa, kisha akaniambia kwamba ile meseji imezunguka dunia zaidi ya miaka kumi na kila mara tarehe yake ni "usiku wa leo". Alikuwa nyumbani likizo. Anasomea shahada ya uzamili katika fizikia ya anga za juu. Nikamwomba aje studio, akaja, tukakaa tangu saa nne asubuhi mpaka mlinzi akatuletea mihogo. Haya ninayowaandikia yametokana na mazungumzo yale, pamoja na niliyoyasoma baadaye kwenye kurasa alizonionyesha.

Nilimuuliza kama anasomea nyota. Akacheka. Watu wa nyota ni wengine, akasema. Yeye anashughulika na eneo lililoko kati ya Jua na kichwa chako.

Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Mwanga wake hutumia dakika nane kutufikia. Lakini Jua halitoi mwanga peke yake. Linapuliza pia upepo wa chembechembe ndogo sana zenye umeme, usiku na mchana, kila upande, kwa kasi ambayo kwa kawaida ni kama kilomita 400 kwa sekunde moja. Wenyewe wanauita upepo wa jua. Mmarekani Eugene Parker alipoandika mwaka 1958 kwamba upepo huo upo, wataalamu wawili waliopewa makala yake waikague waliikataa. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, akaichapisha hata hivyo, na miaka michache baadaye vyombo vilivyorushwa angani vikaukuta upepo wenyewe. Chombo cha NASA kilichopewa jina la Parker kilirushwa mwaka 2018, na mkesha wa Krismasi wa 2024 kilipita kilomita milioni 6 tu kutoka kwenye uso wa Jua. Hakuna chombo kingine kilichowahi kulisogelea kiasi hicho. Mgeni wangu anayasimulia haya kama mtu anayesimulia goli la dakika ya tisini.

Upepo huo haututwangi moja kwa moja kwa sababu Dunia ni sumaku kubwa. Usumaku wake unatoka nje mbali sana na kuukinga upepo, kama jiwe lililo katikati ya mto linavyoyagawa maji. Chini ya kinga hiyo, kuanzia kilomita 80 hivi juu yetu na kuendelea kilomita mamia, kuna tabaka la hewa nyembamba ambalo mwanga mkali wa Jua umelivunjavunja mpaka likawa na umeme ndani yake. Tabaka hilo linaitwa ionosfia, na hapo ndipo somo lake lilipoingia kwenye kazi yangu.

Babu yangu alikuwa na redio ya mkulima ya betri kubwa nne. Mchana ilikuwa inakwaruza tu. Giza likiingia, stesheni za mbali zinafunguka moja baada ya nyingine, Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza, na babu akasema usiku hewa ni tulivu. Sababu yenyewe ni ionosfia. Mawimbi ya masafa ya kati na masafa mafupi hupanda, yakagonga tabaka lile la juu, yakarudishwa chini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotumwa. Mchana sehemu ya chini ya ionosfia huyameza mawimbi mengi kabla hayajafika juu. Usiku, Jua likiwa halipo, sehemu hiyo hupotea na njia inakuwa wazi. FM yetu haifanyi hivyo. Mawimbi ya FM hupenya tabaka lile na kwenda zake angani, ndiyo maana ninyi wa nyuma ya mlima mnatulalamikia kila siku na sina jibu zaidi ya kwamba mlima ni mlima.

Kinachomvutia mgeni wangu hasa ni kinachotokea juu ya vichwa vyetu Jua likizama. Hapa nilimwomba arudie mara mbili, nanyi someni taratibu.

Kuna mstari unaoizunguka Dunia unaoitwa ikweta ya sumaku. Haufuati ikweta ile ya ramani ya shuleni. Kwa upande wetu wa Afrika unapita juu zaidi, kwenye nchi ya Ethiopia, si mbali na Addis Ababa, ambako chuo kikuu chao kina kituo cha kupima usumaku wa Dunia tangu miaka ya 1950 mwishoni. Mchana, juu ya mstari huo, umeme na sumaku kwa pamoja huisukuma ile hewa yenye umeme kwenda juu. Ikifika juu inateremka pande zote mbili, kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi yanavyoruka na kuanguka pembeni. Wataalamu wenyewe wanatumia neno hilo, chemchemi. Inapoangukia kwa kawaida ni nyuzi kama kumi na tano kila upande wa ule mstari. Ukihesabu nyuzi kumi na tano kuja kusini kutoka Addis Ababa unaangukia katikati ya Tanzania, maeneo ya Dodoma. Kwa hiyo anga la watu wa Dodoma, kwa jambo hili, ni kati ya maeneo yaliyojaa umeme mwingi zaidi duniani, na wao wanalima zabibu zao bila habari.

Sasa Jua linazama. Sehemu ya chini ya ionosfia inapungua upesi, ya juu inabaki nzito. Zito limekaa juu ya jepesi. Ukiweza kuweka maji juu ya mafuta ya kula bila kuyachanganya, mafuta hayatakaa kimya, yatapenya kwenda juu kwa mapovu. Angani ni hivyo hivyo: mapovu ya hewa nyepesi yanapanda ndani ya hewa nzito, mengine yana upana wa kilomita makumi na kimo cha mamia. Mara nyingi ni kati ya saa mbili usiku na saa sita usiku, zaidi katika miezi inayozunguka Machi na Septemba, na zaidi katika miaka ambayo Jua lina madoa mengi. Mawimbi ya setilaiti yakipita kwenye mapovu hayo yanatikisika, kama taa unayoiona ng'ambo ya moto wa nyasi. Simu inayotafuta mahali ilipo kwa GPS inaweza kukosea zaidi ya kawaida, na vyombo vya wapimaji vinavyotakiwa kusoma kwa sentimita vinaweza kupoteza setilaiti kabisa kwa dakika kadhaa.

Kwa nini anasomea haya na si udaktari, kama shangazi yake alivyotaka? Alisema vipimo vingi vya dunia vilianzia Ulaya na Amerika, ilhali mambo haya ya mapovu yanatokea kwetu. Vifaa vya kupimia katika Afrika ni vichache ukilinganisha na ukubwa wa bara.

Si kwamba hatujawahi kuwa na historia. Kaskazini ya Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960 na kurushia roketi. Tarehe 26 Aprili 1967 waliirusha pale setilaiti ya San Marco 2, ambayo kazi yake ilikuwa kupima wingi wa hewa ya juu kabisa kwenye eneo la ikweta. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inaadhimisha uhuru, ikarushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wanafunzi wa anga za juu duniani kote hulikuta jina hilo kwenye vitabu vyao.

Tukirudi kwenye Jua. Kuna siku linachafuka. Linarusha wingu zima la hewa yenye umeme, uzito wake tani mabilioni, na likielekea kwetu linafika baada ya siku moja hadi tatu, likiharakisha sana ni saa kumi na tano hivi. Likigonga usumaku wa Dunia tunapata dhoruba ya sumaku. Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mng'ao kwenye madoa ya Jua, na kabla siku nzima haijapita tangu aone dhoruba ilikuwa imefika. Mitambo ya simu za maandishi ya wakati ule ilitoa cheche. Tarehe 13 Machi 1989 jimbo la Quebec kule Kanada lilizimika umeme ndani ya dakika moja na nusu, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani saa tisa hivi. Ya karibuni kubwa ilikuwa Ijumaa tarehe 10 Mei 2024. Ilifika daraja la juu kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Oktoba 2003. Mnaweza kukumbuka picha za anga la rangi ya waridi na kijani kutoka Ulaya na Amerika. Mwanga ule hutokea zaidi karibu na ncha za Dunia, kwetu ikweta haufiki. Ila wakulima wa Marekani walikuwa katikati ya msimu wa kupanda mahindi, na matrekta yao yanayoongozwa na GPS yalianza kupotea mstari. Wengi waliyasimamisha wakasubiri.

Hapa ndipo nilipomuuliza swali nililokuwa nalo tangu mwanzo. Yeye anajuaje? Nani anamwambia?

Akatoa simu yake, ya kawaida tu, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha.

Ukurasa anaoufungua kila asubuhi kabla ya kunywa chai ni wa kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya anga za juu, kilichopo Boulder, Colorado. Anwani yake ni swpc.noaa.gov. Juu kabisa utaona herufi tatu, R, S na G, kila moja na namba. R ni kuvurugika kwa redio, S ni mvua ya chembechembe kutoka Jua, G ni dhoruba ya sumaku. Sifuri maana yake kimya. Moja ni ndogo, tano ni kubwa kabisa. Ile ya Mei 2024 ilikuwa G5. Ukurasa ni wa Kiingereza, sitawadanganya, lakini namba hazina lugha, na kwa matumizi yetu zile tatu zinatosha.

Chini yake kuna kipimo kinachoitwa Kp. Kinaanzia 0 hadi 9 na hutolewa kila baada ya saa tatu. Kikifika 5 dhoruba imeanza. Kipimo rasmi cha Kp hutunzwa na taasisi ya GFZ ya Potsdam, Ujerumani, kwa kuunganisha vipimo vya sumaku kutoka vituo kumi na tatu. Jihadharini na saa. Kurasa hizi zote hutumia saa ya kimataifa, UTC. Sisi tumetangulia kwa saa tatu, kisha tena tunahesabu kwa Kiswahili. Wao wakiandika 18:00, kwetu ni saa tatu usiku. Mimi mwenyewe nilichanganya mara ya kwanza nikadhani dhoruba imeisha kumbe haijaanza.

Anaopenda zaidi kwa moyo ni ukurasa wa chombo cha SDO, kinacholipiga Jua picha bila kupumzika tangu mwaka 2010. Unafungua unaona Jua la leo, pengine la nusu saa iliyopita. Liko la njano, la kijani, la zambarau. Rangi hizo zimepakwa na kompyuta, kwa kuwa mwanga unaopigwa picha ni wa aina ambayo macho yetu hayaoni. Ushauri wa bando: kila picha imewekwa kwa ukubwa kadhaa, chagua ile iliyoandikwa 512. Ukigusa ya 4096, bando la siku linaondoka na Jua. Usijaribu kulitazama Jua lenyewe kwa macho kulinganisha na picha, utayaharibu.

Kuna pia chombo cha SOHO, kimekuwa angani tangu Desemba 1995. Kina kamera iliyowekewa kisahani cha kulifunika Jua, kama unavyoziba taa ya gari kwa kiganja ili umwone dereva. Kwa njia hiyo linaonekana wingu linapochomoka pembeni. Anapotaka kuzipanga picha hizi zote pamoja na kuzitazama kama sinema anatumia helioviewer.org, ambayo ni ya bure. Na kwa habari zilizoandikwa kwa lugha nyepesi kila siku, husoma spaceweather.com ya Dkt. Tony Phillips. Kwa Afrika kuna kituo cha shirika la anga la Afrika Kusini, SANSA, kule Hermanus. Nilipenda historia yake: vipimo vya sumaku vilihamishiwa mji huo mdogo mwaka 1941 kwa sababu treni za umeme za Cape Town zilikuwa zinavivuruga.

Kuhusu makala za kitaalamu, yeye hutegemea arXiv, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1991 ambako wanasayansi huweka kazi zao na yeyote huzisoma bila kulipa. Nilijaribu moja. Nilielewa kichwa cha habari na majina ya waandishi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna hata ukurasa mmoja kati ya hiyo uliohitaji awe mwanafunzi. Hakuna nywila, hakuna ada. Anachokiona profesa wake, fundi baiskeli wa hapa sokoni anaweza kukiona dakika ile ile. Onyo la mwisho linatoka kwenye vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 mbele ya Dunia kuelekea Jua, kama mtoto aliyewekwa njiani kutangulia kupiga mbiu. Vinaupima upepo wa jua dakika kumi na tano hadi saa moja kabla haujatufikia, na namba zake zinawekwa hadharani papo hapo.

Basi rudini kwenye ile meseji mkiwa na haya mkononi. Mionzi kutoka angani ipo kweli. Mwaustria Victor Hess aliigundua mwaka 1912 akiwa ndani ya puto, alipoona vipimo vyake vinaongezeka kadiri anavyopanda. Lakini haitoki Mars, na haina ratiba ya saa sita na nusu. Inanyesha kila siku tangu kabla ya kuwapo binadamu. Hewa iliyo juu yetu inazuia sehemu kubwa, na usumaku wa Dunia unazuia nyingine. Kinga hiyo ya sumaku ina nguvu zaidi karibu na ikweta. Mholanzi Jacob Clay aliliona hilo miaka ya 1920 akisafiri kwa meli kutoka Java kwenda Uholanzi, mionzi ilikuwa kidogo zaidi sehemu za ikweta. Kama kuna watu duniani waliokingwa vizuri na mionzi hiyo, ni sisi. Kuzima simu hakuzuii wala hakuiti chochote.

Na meseji yenyewe ina alama zake. Haina tarehe, haina anwani ya kufungua, inataja majina makubwa mawili, na inakuomba uisambaze. Dhoruba halisi inaandikwa na tarehe, saa na namba.

Jambo moja la kazi, kwa kuwa msimu wa kupima mashamba kwa ajili ya hati za kimila umefika vijiji vingi. Simu ya kawaida, sehemu ya wazi, hukosea mita chache hata siku njema, na miti na paa za bati huongeza. Vipimo vya mpaka vichukuliwe mchana. Mkichelewa giza likaingia, hasa Machi na Aprili au Septemba na Oktoba, acheni jiwe la mpaka mlipofika mmalizie asubuhi. Ndugu wawili hapa wilayani waligombana miezi mitatu kwa mita nne zilizotoka kwenye simu jioni. Siwezi kusema ni mapovu au ni mwembe ulio pale mpakani, lakini kipimo cha mchana kilirudisha mpaka ulipokuwa.

Mgeni wetu amesharudi chuoni. Ile meseji imerudi pia, mwezi uliopita, ikiwa na makosa yale yale ya herufi. Safari hii nilifungua ukurasa wa Boulder nikiwa hewani. R sifuri, S sifuri, G sifuri, Kp ilikuwa 2. Nikazisoma. Kabla wimbo haujaisha yule bodaboda akapiga, nikamuunganisha, akasema simu yake iko wazi usiku kucha na safari ya zahanati ni shilingi 5,000, wajawazito kwanza.